Nyuzi Thelathini

Jumatatu, 4 Agosti 2014
Nimerudi kazini, Kibondo. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Bodaboda iliniangusha njia ya Busunzu mwezi wa Mei. Hospitali ya Kabanga wameuokoa mkono, vidole vimegoma. Naandika kwa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo nimechora duara ubaoni mbele ya Kidato cha Nne – limetoka kiazi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

Mkuu wa shule, Sylvesta, kaniita. Nipumzike, niangalie stoo ya vitabu, hisabati achukue Venanti. Nimemwomba anivumilie hadi katikati ya Septemba. Pole mwalimu, kasema. Nimechoka na pole.

Alhamisi, 7 Agosti
Venanti kanishangaza. Mwalimu wa fizikia, mtu wa Kumsenga, darasa langu angelipata bila jasho. Badala yake kaniletea flashi. Ndani kuna GeoGebra, programu ya kuchorea hisabati. Haiuzwi, unaruhusiwa kumgawia yeyote. "Dada Tunu, hii haitaki vidole, inataka kichwa." Tumeiweka kwenye laptop ya idara. Nimekokota kipanya kwa kushoto – duara! Duara la kweli. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumanne, 19 Agosti
Najifunza baada ya vipindi mpaka betri ya sola inakata. Ukiusogeza mstari, mlinganyo nao unabadilika hapohapo. Miaka yote nimelifundisha hili kwa maneno matupu. Sikuwahi kuliona likitembea. Jamani!

Ijumaa, 22 Agosti
Balaa. Projekta imewaka, Mkuu kasimama mlangoni. Wanafunzi walishasoma sine ya nyuzi thelathini kwenye vitabu vyao vya majedwali: 0.5. Nikaandika sin(30) ili programu iwathibitishie. Ikatoa hasi 0.99.

Nilichoogopa si lile jibu, ni watoto. Wakaanza kukata! Kalamu juu ya jibu sahihi, karibu darasa zima, kwa sababu kompyuta imesema. Recho peke yake hakukata. Nikamuuliza kwa nini.
"Majedwali ulitufundisha wewe, mwalimu. Hiyo mashine imekuja juzi tu."
Mkuu aliondoka.

Jumatatu, 25 Agosti
Kosa ni langu. Usipoweka alama ya nyuzi, programu inahesabu pembe kwa radiani, si kwa nyuzi. Venanti naye hakujua. Alikuja jana baada ya misa, tumeitafuta sababu mpaka tukaipata. Leo nimewaambia darasa wazi: mashine haikukosea, mimi niliiuliza vibaya. Na ninyi mmekata bila kuuliza, hilo ni baya zaidi. Evaristi, kutoka nyuma: "Ego, mwalimu." Ndiyo, kwa Kiha.

Jumatano, 3 Septemba
Sasa kila jibu la kompyuta wanalisaka kwanza kwenye majedwali ndipo waandike. Sikulipanga hilo. Nawapenda hawa watoto, basi.

Alhamisi, 11 Septemba
Mkuu kaja na mkaguzi, wakakaa kipindi kizima. Kimeenda vizuri. Vizuri mno! Baadaye kaniita, anatabasamu: stoo basi. Mkoa unatafuta mtu wa kuwafundisha walimu programu hii, Kasulu, kuanzia wiki ijayo hadi mwisho wa mwaka. Nikauliza, na Kidato cha Nne? Mtihani wa taifa ni Novemba! Atashika Venanti. "Kule hutashika chaki kabisa, mwalimu. Tumekuhurumia."

Nilijifunza ili nibaki, na kujifunza huko ndiko kunakonitoa. Venanti kasikia, kainamisha kichwa. Hakuliomba darasa. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 15 Septemba
Naandika darasani, wao wanachora. Mkuu anasema si amri. Gari la ofisi ya elimu linapita asubuhi hii. Nikipanda, nimekubali. Nisipopanda, yeye hataweza kunitetea tena, mkaguzi atasema nina kiburi.

Gari limeingia. Dereva hajazima injini. Begi langu liko hapa mlangoni, nimelifunga jana bila kujua nalifungia nini.

Recho kanyoosha mkono. Mchoro wa sine ukivuka nyuzi mia tatu na sitini, unakwenda wapi? Hatujafika huko. Venanti angeweza kumjibu, tena vizuri.

Honi. Wote wamegeukia nje, Recho bado ananitazama. Nimemwambia aje mbele ashike kipanya.

Honi tena. Nimemwambia Evaristi afunge dirisha, hatusikilizani humu.