Mama Mkwe Alitoa Salamu, Mkwe wa Kijani Hakuitikia

Bi. Maka mheshimiwa, asalaam aleikum, na ukishaitikia naomba uketi kabisa ndipo uendelee kusoma, na ukicheka ucheke ukiwa umefunga mlango, kwa sababu huku kwangu hakuna anayecheka na ndoa yangu iko karibu kuvunjika kabla haijafungwa, kwa ajili ya simu ya video.

Mimi nauza mabati na misumari hapa Garissa, nina miaka thelathini na moja, nimemchumbia Ikran ambaye ni muuguzi katika zahanati moja hapa mjini, na mama yake, Hooyo Sahro, anaishi Diff kule mpakani na mbuzi wake, hana mtoto mwingine, na kwa kuwa Ikran hupata likizo kwa shida wao huonana kwa simu tu, kila siku jioni. Nikaha tumeipanga baada ya Idd. Sasa mimi kwa kutaka kupendwa nikamnunulia Hooyo Sahro simu mpya ya aina ileile ninayotumia mimi na Ikran, na hapo ndipo nilipojifanya mjuzi, maana alikuwa amezoea ile programu ya kupakua ambayo kila mtu anayo, kuanzia Diff mpaka kwa binamu zetu walio Amerika, nami nikamwambia Ikran kwamba ile ya kupakua haifai, inakula bando, inajaza simu picha za mbuzi na dua za kusambazwa, na kila ukiwa na haraka inakudai uisasishe kwanza, lakini hii iliyokuja na simu haidai kitu, picha yake ni safi, imekaa palepale kwenye jina la mtu, mama anabonyeza mara moja tu basi. Kasoro yake ni kwamba haizungumzi na mgeni, inataka simu ya ukoo wake, kama wazee wetu wengine, na ndiyo maana nikanunua ya ukoo mmoja. Ikran aliniambia, "Hooyo ameshazoea ile ya kila mtu, iwache." Mimi nikamjibu kwamba kitu cha kila mtu ni kama benchi la stendi. Nilijiona nimesema jambo kubwa.

Basi Bi. Maka, mimi nina dada yangu mdogo, Hinda, anayepamba maharusi, na Jumamosi moja aliniangalia akaniambia uso wangu umekuwa kama bati lililopata kutu na kwamba siku ya harusi atahama mji, akanikalisha uani, akanipaka qasil, ule unga wa majani ambao wanawake wetu hupaka usoni ngozi ing'ae, akauchanganya na manjano na sijui nini kingine, akanizungushia taulo kichwani, kisha akaniambia, "Usiongee, usicheke, ikipasuka narudia yote. Tulia hapo." Akaingia jikoni. Nami nikakaa uani na kikoi changu cha macawis kiunoni, kifua wazi, uso wa kijani, na dawa ile ikikauka inabana, mdomo haufunguki hata ukitaka.

Nikachukua simu nijitazame, nikafungua kamera ya mbele, nikawa najitazama, na simu ilikuwa kimya tangu swala ya Alasiri kwa sababu niliizima sauti msikitini nikasahau, na hii programu iliyokuja na simu ina tabia moja, mtu akikupigia video inakuonyesha kwanza uso wako mwenyewe skrini nzima, na mimi tayari nilikuwa natazama uso wangu, sikuona tofauti yoyote, nikaona tu kitufe cha duara pale chini nikadhani ni cha kupiga picha, nikabonyeza. Uso wangu ukaondoka. Akatokea Hooyo Sahro.

Bi. Maka, wewe ni mtu wa huku, unajua mtu na mama mkwe wake hawakodoleani macho, mimi tangu nimchumbie Ikran sijawahi kumtazama mama yule usoni zaidi ya mara moja, na nadhani siku hiyo alikusudia jina la Ikran akabonyeza langu. Na mtandao wa Diff, ambao siku zote humfanya mtu aonekane vipande vipande kama kigae kilichovunjika, siku hiyo ulikuwa safi. Akasema, "Asalaam aleikum." Nikataka kuitikia, mdomo umebanwa. Akasema tena, akisogeza uso karibu, "Asalaam aleikum?" Nikatoa sauti ya puani, mmmh. Macho yalikuwa mekundu kwa sababu ule unga huwasha. Akasema mara ya tatu, polepole, kama mtu anayepima. Kukata simu ya mama mkwe ni utovu wa adabu, lakini kubaki nayo ni vibaya zaidi, nikainamisha uso nitafute kile kitufe chekundu, na kwa kuinamisha ndivyo uso wangu ulivyozidi kuwa mkubwa kwake. Nikasikia "Audhubillahi," simu ikaanguka, nikaona mabati ya nyumba yao, halafu nikaona pua ya mbuzi.

Nilipomaliza kunawa Ikran akanipigia, kwa sauti ya kawaida tu, akaniuliza, "Noordin, simu yako alikuwa nayo nani? Hooyo anasema imepokelewa na kitu kijani, amekitolea salamu mara tatu, hakiitikii." Wallahi nilikusudia kusema ukweli, lakini ulimi ukateleza, nikasema nilikuwa dukani, simu ilikuwa mfukoni, labda ni hiyo programu ina hitilafu, inaleta nyuso za watu wasiojulikana.

Uongo huo haukukaa mahali pake. Ikran akaenda kuwaambia jamaa wote waifute, na adeer wangu Abdisamad, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya ndoa yangu na hana mzaha hata siku ya sherehe, akajaribu kuifuta, akabonyeza, akabonyeza tena, akakuta hakuna pa kufutia. Akaja dukani kwangu mbele ya wateja. Akasema, "Ile ya kupakua nimeifukuza mara moja, imetoka. Hii kitu haitoki. Nimefukuza asubuhi, nimefukuza mchana, iko. Kitu haiitikii salamu, na ukifukuza haitoki, wewe unaita nini hiyo?" Mteja mmoja aliyekuja kununua misumari akasema, "Jini." Adeer akasema, "Basi si mimi nimesema."

Sasa Hooyo Sahro ameifunga ile simu kwenye kitambaa ameipeleka kwa Maalim Nunow wa madrasa, Maalim amesema haoni kitu ila betri imekwisha, mama anasema limejificha. Ametoa neno kwamba hakuna nikaha mpaka mimi nipelekwe Diff nikasomewe, kwa sababu anaamini limetoka kwenye simu likaniingia, na adeer ameshatafuta gari na mbuzi wa kuchinja. Nikikaa kusomewa jini ambalo halipo, najiona namchezea Mungu. Nikisema ukweli, unajua mji wetu, jina la utani huku likishakushika umekwisha, kuna mzee jirani yetu alianguka kutoka kwa ngamia mara moja akiwa mtoto, leo ana wajukuu na bado anaitwa Aliyeanguka, hata kwenye kadi za harusi. Mimi nitaitwa Noordin Qasil mpaka kaburini. Nifanye nini, na tafadhali niambie pia, kati ya programu iliyokuja na simu na ile ya kupakua, ni ipi mtu mwenye akili atumie na wakwe? Jina langu ulibadilishe.

Mimi wako katika aibu,
N., Garissa

BI. MAKA ANAJIBU

Waaleikum salaam, Noordin. Umeona? Ni maneno mawili tu.

Jina nimelibadilisha kama ulivyoomba, ingawa watakaokujua watakujua kwa misumari. Nilifunga mlango kama ulivyosema, nikacheka mpaka mwanangu Mustafe akabisha kuuliza kama naumwa. Sasa nimemaliza, tuzungumze.

Kwanza qasil. Mwanamume kutunza uso wake si haramu wala si ajabu. Hata ngamia hupigwa maji na kusuguliwa kabla ya kupelekwa sokoni, na hakuna anayemcheka. Kama unga wa dada yako umekung'arisha, mshukuru na umlipe. Hapo huna kosa, ila la kushika simu wakati umeambiwa utulie.

Kosa lako ni kwamba umeisingizia programu. Imefanya yale yale uliyoisifia: mama amebonyeza mara moja, haikudai kitu, picha ikawa safi. Ulitaka nini tena? Na huyo adeer wako, kwa heshima zote, mwambie hivi: programu iliyokuja na simu haifutiki kwa sababu mtengenezaji ameijenga humo ndani, kama vile nguzo ya nyumba haitoki ukiiambia itoke. Mwambie ajaribu kufuta saa ya simu. Ajaribu kufuta kikokotoo. Navyo havitatoka, na sijasikia mtu aliyemwitia saa maalim. Kama inamkera, aizime kwenye mipangilio, alale.

Uliuliza ipi ni bora, nami nakujibu kwa sababu mnaniandikia sana juu ya jambo hili na wengi mnagombana bure. Wewe na Ikran mna simu za aina moja na mtandao wa mjini, tumieni hiyo iliyokuja na simu, ni nyepesi na picha yake nzuri. Jamaa wa Buna, wa Masalani, wa ng'ambo, kila mmoja na simu yake, hao utawapata kwenye ile ya kupakua, na hizo picha za mbuzi zivumilie, ndio ujamaa wenyewe. Na mtu mzima aliyekwisha kuzoea moja, hiyo ndiyo bora kwake, hata kama nyingine ina picha ya dhahabu. Hukumnunulia Hooyo Sahro simu, ulimnunulia somo ambalo hakuliomba. Ikran alikuambia iwache, ukamletea habari za benchi la stendi. Kijana, kwenye hilo benchi ndipo watu huketi.

Na mkwe na mama mkwe, Noordin, hawatumii hata moja. Ninyi mna haya yenu, haya nzuri, wazee waliiweka kwa sababu. Mpigie kwa sauti tu. Mengine apeleke Ikran. Na kwenye simu yako jifunze kutazama juu kabla ya kubonyeza chini: jina la anayepiga huandikwa pale, na kipo kitufe cha kupokea bila kamera.

Sasa jina la utani. Unaogopa utaitwa Noordin Qasil. Sikiliza, jina utapata tu, mji hauwezi kuacha hii ipite. Ukinyamaza utapelekwa Diff kwenye gari la adeer, utachinjiwa mbuzi, utasomewa mbele ya watu, na utarudi unaitwa Noordin Jini, na huyo hakuna atakayemkopesha hata nyundo. Noordin Qasil angalau wanawake watamuuliza anatumia unga gani. Chukua la kwanza. Ukiitwa, itika na ucheke kabla hawajacheka wao, watachoka.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja. Umeandika juu ya uso wako, duka lako, kaburi lako. Sikuiona. Ulisema mwenyewe kwamba Hooyo Sahro ana mtoto mmoja na wao huonana kwa simu tu. Simu hiyo imefungwa kitambaa, iko madrasa. Kwa hiyo tangu Jumamosi ile mama huyu hajamwona mwanawe. Jioni ikifika amekaa na mbuzi zake, anaogopa kitu ambacho ni wewe, na juu ya hofu hiyo bado anataka kukuokoa, kwa sababu hakusema binti asiolewe na wewe, amesema uletwe usomewe. Anakuombea uzima. Hapo mimi niliacha kucheka.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Mwambie Ikran kwanza, yote, uso kwa uso, Hinda akiwepo awe shahidi wa taulo. Atakasirika, mwache akasirike, uongo ulimpa yeye aupeleke kwa jamaa. Kisha mwende kwa adeer Abdisamad pamoja, kabla hajamlipa mwenye gari. Kisha Ikran aombe ruhusa kazini, siku mbili tatu, aende Diff na huyo mbuzi wa adeer wamle kwa furaha, akamrudishie mamake programu aliyoizoea. Nauli ni yako.

Akifika, apige simu ya sauti na ampe mama. Wewe usianze na maelezo wala usitaje unga. Sema waaleikum salaam, hooyo. Sema mara tatu, maana alikutolea mara tatu. Kisha nyamaza, kwa sababu mama akishaijua sauti yako atakuwa na mengi ya kukuambia, na safari hii ni wewe wa kusikiliza.