Ramani Iliyokuwa Ikijichora Polepole

Pasiansi, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje tangu mvua zianze huko Songea? Cherehani imepata mkanda mpya? Mimi mwili ni mzima, ila nina hofu na huku sina wa kumwambia.

Unajua bado niko kwenye majaribio ya kazi katika ofisi hii ya mradi wa magugu maji. Nachora ramani kwenye kompyuta, kuonyesha magugu yamefunika ziwa hadi wapi. Wiki iliyopita nilimwomba mkuu wetu, Mzee Masanja, niweke mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, ule wa madirisha, bila kuondoa wa zamani. Alikubali shingo upande. Kesho yake ramani ikaanza kujichora kama wewe unavyopitisha chaki kwenye kitambaa cha mteja mkali: mstari, kituo, mstari. Ufukwe wa Ilemela peke yake ulinipozea chai.

Bahati, mpiga chapa wetu, akacheka. "Msomi kaua mashine." Mzee hakucheka. Alipiga simu Dar es Salaam, nami nimesimama palepale, akaomba karani mwingine.

Nilirudi kwenye mfumo wa zamani, nikafungua ramani ileile. Huko nako ikaja polepole. Hapo niliogopa zaidi, Mama, maana kama mifumo yote miwili inasuasua, basi ugonjwa uko kwenye mashine yenyewe, na mtu wa mwisho kuigusa ni mimi. Nikaikagua kwa nje, waya kwa waya. Mbele kuna kitufe cha kuongeza kasi, na taa yake ilikuwa imezimika. Nilipokibonyeza, ramani ikaja yote mara moja. Asubuhi yake nikakuta kimezimwa tena.

Ijumaa jioni nilimwona anayekizima. Ni Mzee mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini.

"Nimeendesha malori, binti," alisema. "Injini haikimbizwi siku zote. Ulipoiongezea mzigo, nikaona niipumzishe."

Nikamweleza kwamba kompyuta haichoki kama injini, na kitufe kile kikizimwa ndipo ramani inasuasua, "samahani Mzee" kila baada ya maneno mawili.  Kisha akasema, "Jumatatu wageni wa Dar wanaokuja kukagua mradi wakifika, kwenye kiti cha mashine ukae wewe."

Sikuthubutu kuuliza kama nakaa niwaonyeshe ramani, au nikae ninyooshewe kidole. Lile ombi la kwenye simu hajalitengua; angelitengua, Bahati angesikia.

Barua hii itakufikia jambo limeshaamuliwa. Nisalimie mama mdogo anayekukatia vitambaa, na kaka wa kule Mbinga kwenye kahawa, ila yeye usimsimulie. Ukiniona nimeshuka na sanduku kabla ya Krismasi, usiniulize kitu mlangoni. Nipe kwanza uji.

Ni mimi binti yako,
Konsolata