Godoro la Mama Athanasie

Gaëlle, uko? Narcisse ametuaibisha. Ndiyo, kapiteni wetu mwenyewe.

Alitaka kuwachokoza wapinzani wetu wa kijiji cha Ngungu kabla ya mechi ya ragbi ya Jumapili. Akarekodi sauti leo asubuhi, na badala ya kuituma kwa wachezaji wao akaituma kwenye grupu ya kwaya ya parokia.

Unajua alisema nini? "Watu wa Ngungu, mujiandae! Siku ya Mungu tunashuka kwenu vijana kumi na tano. Hakuna mwenye atabakia wima!"

Hakuna mwenye atabakia wima! Nimeisikiliza tena na tena. Neno mpira halimo.

Kufika mchana ilikuwa imeenea Ngungu nzima. Mama Athanasie, shangazi yake Narcisse anayeuza maziwa huko, akafunga godoro kwa kamba na maharagi katika gunia, tayari kukimbia. Narcisse akanichukua kwa pikipiki, tukamkuta mlangoni, ameketi juu ya mzigo.

"Mama, ile ni muchezo. Tunagombania mupira tu."

"Mupira?"

"Ndiyo, mama. Ule wenye sura ya yai."

"Sauti kama ile nilishaisikia, Narcisse. Haikukuwa ya yai."

Narcisse akainama afungue kamba, mama akampiga kofi mkononi.

"Acha! Nitafungua Jumatatu, muchezo wenu ukishaisha."

"Na usiku utalala wapi?"

"Chini. Nimezoea."

Gaëlle, leo ni Jumatano tu.