Ng'ombe Nisiyemjua

Masuguru, Korogwe, Jumapili

Mimi niliyewahi kuuinua ukumbi mzima wa chuo kwa hotuba, leo nimeshindwa na swali moja la baba yangu.

Nilimpelekea baba, kijijini Misima, kichupa cha unga mweupe, nilioupata kwa kuchoma mifupa ya ng'ombe iliyotupwa jalalani. Nikamweleza kwamba moto huondoa nyama na mafuta yote, ukabakiza madini yaleyale yaliyomo katika mifupa yetu; kwamba siku moja daktari ataweza kuyatumia kuziba pengo la mfupa kama lile la mguu wake; kwamba taifa linalotupa tiba jalalani halina haki ya kulalamikia umaskini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, ng'ombe huyo alichinjwa, au ni kibudu, kajifia tu?"

Nikarudia habari za moto.

"Moto nimeusikia. Nimeuliza ng'ombe."

Sikujua. Miezi yote hii sikuwahi hata kujiuliza. Akanirudishia kichupa kwa mikono miwili, kama amrudishiavyo mgeni kitu chake.

Kukataa kwake hakuniumi. Inaniuma ile adabu. Hapa Korogwe majirani hunikwepa kwa sababu ya mifupa. Nilidhani kule Misima nina mtu mmoja asiyenikwepa.

Kesho alfajiri nitasimama machinjioni, nikione kisu kabla ya kuomba mfupa. Unga huu nitaumwaga. Ninachoogopa ni kwamba nitakapompelekea baba unga mwingine, ulio halali, atanipokea kwa adabu ileile.