Shtaka kwa Watu wa Mataifa

Iguguno, 3 Mei 1954

Mwanangu Simeoni,

Salamu hizi zikukute mzima huko Manyoni. Huku sote tunapumua vizuri, isipokuwa goti langu, nalo ni la kizee, usilisikitikie. Mtama umekubali. Mbuzi mweupe kazaa mapacha.

Utingo wa lori la vitunguu anakuletea kigoda cha marehemu baba yako. Nimesikia kwamba wewe, karani mzima wa mizani kwenye ghala la nta, unafanya kazi umesimama kutwa! Jirani yetu Damari alinicheka kisimani: "Mwanao kapata kazi ya nguzo." Nikamjibu, nguzo ndiyo inayoshika nyumba, mama, mwanao mpishi wa boma anashika sufuria. Akajitwika mtungi, akaenda zake. Lakini moyoni iliniuma.

Kikalie. Baba yako alikichonga mwaka uliozaliwa. Anayekikalia kigoda cha Mughwai haitwi mtoto.

Mama yako mzazi,
Raheli

Manyoni, 20 Juni 1954

Mama, shikamoo.

Mimi ni mzima, nakuombea goti lipoe. Nisamehe kwa kukawia kujibu. Nilikosa pa kuanzia.

Kigoda kilifika. Nilikikalia asubuhi moja tu. Bwana Haksoni mwenye ghala akaingia, akauliza nani kamruhusu boi kuketi. Makarani wake wa Kizungu na wa Kihindi wana viti vyenye migongo. Nikasema hiki ni changu, kimetoka nyumbani. Akaamuru kipasuliwe kuni. Walichemshia chai, mama.

Nilikwenda kulalamika bomani, wakaniambia ghala ni la mwenyewe, na viti ni vyake. Basi nimeandika shtaka kwa Umoja wa Mataifa. Wajumbe wao watafika Singida mwezi wa nane, na husikiliza mtu yeyote. Bwana Haksoni amepata habari. Anasema nikienda, nisirudi kazini.

Niambie niende au nisiende.

Mwanao,
Simeoni

Iguguno, 2 Julai 1954

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Kigoda nimekililia, na sasa nimemaliza. Lakini hilo la pili limenitia homa. Umoja wa Mataifa? Simeoni! Wewe uliyebatizwa, ukaimba kwaya mpaka watu wakaniuliza sauti ile umeitoa kwa nani (kwangu!), unakwenda kushtaki kwa watu wa mataifa, wasiomjua Mungu? Na wameungana tena!

Nikakimbia na goti hilihili kwa Mchungaji Filipo. "Mchungaji, mwanangu anaomba haki kwa wapagani!" Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hayo siyo mataifa yale tunayohubiriwa. Ni nchi za dunia zilizokubaliana baada ya vita kukaa baraza moja, na Mwingereza ameshika nchi yetu kwa dhamana tu, kila mwaka anajieleza mbele yao.

Nikauliza, "Mwingereza naye anaulizwa?"

"Anaulizwa, mama Simeoni."

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi la kanisa. Kumbe Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa bomani, ana wakubwa, na wakubwa wake nao wana wakubwa! Ni kama mtu anayepanda kilima akidhani kafika, kumbe nyuma yake kuna kingine, na nyuma ya hicho mawingu.

Nenda. Kazi ikipotea, jembe lako bado lina mpini. Ila usiwaambie kigoda tu. Waambie ni cha nani.

Mama yako,
Raheli

Singida Mjini, 28 Agosti 1954

Shikamoo mama,

Sijambo.

Nimewaona. Wamekaa meza ndefu, kila mmoja na nchi yake. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi, kama nilivyozoea. Mkubwa wao akasema neno, mkalimani akalileta: "Keti, bwana, ndipo tukusikilize." Mama, niligeuka nyuma kutazama ni bwana gani ameingia. Hakukuwa na mtu.

Nikaketi. Maneno yote niliyokariri yakatoweka; miezi mingi sijasema neno la kazi nikiwa nimekaa. Nikasema yale uliyoniagiza tu: kigoda cha baba yangu Mughwai, alichoniletea mama yangu Raheli wa Iguguno. Mwandishi wao akasimamisha kalamu, akaomba nitaje jina lako herufi kwa herufi. Limeandikwa. Litakwenda New York.

Hawakuahidi kitu. Wamesema Mwingereza atatakiwa kujibu. Nami nimefukuzwa kazi tangu jana. Nitakuja kwa uso gani? Damari atasemaje?

Mwanao,
Simeoni

Iguguno, 10 Septemba 1954

Marahaba, marahaba Simeoni,

Sisi wazima, hata goti leo limesahau kuuma. Barua yako niliisoma mwenyewe mpaka pale "Keti, bwana", hapo macho yakakataa. Mchungaji akaimalizia mbele ya watu wote. Jina langu lilipotajwa, kanisa zima likageuka kunitazama. Nilijifanya natengeneza kilemba.

Damari, unamjua. "Hao mataifa wanajua Iguguno iko wapi?" Nikamwambia, sasa wanajua. Jioni akaja kwangu, safari hii bila kicheko. Anauliza kama mpishi naye anaweza kushtaki. Mwanawe ana miaka arobaini, ana wajukuu, na bado ni boi. Nimemwambia asubiri, wewe mwandishi wake unakuja.

Fundi amechonga kigoda kingine, cha mninga. Mti haujakauka vizuri, kitapasuka kidogo, haidhuru. Nimekiweka uani. Mbuzi wamekinusa, kuku amekipanda. Mtu bado.

Lori likikushusha, usije ukasimama mlangoni na kofia mkononi. Pita ndani. Keti, bwana.

Mama yako mzazi,
Raheli wa Iguguno, anayejulikana Niuyoki