Bushi Kumi na Moja Ulizotuachia, Baba

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba, na Mama bado hajamaliza kukugombeza.

Tulipokaa kuandika tangazo hili alituonya mapema. "Msimpambe," alisema. "Andikeni alikuwa mtu mwema, maana ni kweli. Halafu andikeni na alivyonitesa." Basi tunaandika yote mawili, sisi watoto wako Luciana, Godfrey na Happiness, na Mama amekaa hapa pembeni anasikiliza kama kuna tulichopunguza.

Ulikuwa mwema. Miaka ishirini na sita ulikereza vyuma vya ndege katika karakana moja Dar es Salaam, na ulipostaafu ulirudi nyumbani Sepuka na mashine yako ya kukereza juu ya lori, umeizungushia magodoro yetu isigongwe. Mashine ilifika salama. Magodoro yalifika yamelowa oili, tukalala kwenye mikeka mwezi mzima.

Karakana ya Dar iliendelea kukutumia kazi: bushi, zile pete za shaba zinazokaa kwenye kiungo cha mguu wa ndege, pale mguu unapojikunja tairi likigusa ardhi. Hata hivyo hukumdharau mteja wa kijijini. Plau, cherehani, baiskeli ya mzee asiyejiweza, vyote ulivipokea kwa heshima ile ile. Tatizo lilikuwa heshima yenyewe.

Mzee mmoja alileta shafti ya mashine ya kukamua alizeti katikati ya msimu. Ukaishika siku mbili. Siku ya tatu akaja amefura. "Fundi, hii ni ya alizeti, hairuki!" Ukamjibu kwa upole kwamba wewe hujui kutengeneza chuma cha kutoruka, ukamwomba asubiri hadi alfajiri, kwa kuwa jua lilikuwa limeshavimbisha shafti na kipimo kingedanganya. Aliyempikia mzee huyo na kumtandikia ni Mama. Wateja wa namna hiyo walikuwa wengi, na wote walikuwa na njaa.

Ulipima vitu ambavyo Mungu mwenyewe aliviumba kwa kukadiria. Siku ya posa ya Happiness ulimng'oa Mama unywele mbele ya wakwe, ukaupima kwa maikromita, ukawaeleza kwamba tundu la bushi likizidi robo ya unywele huo, bushi hiyo ni ya kutupa. Wakwe wakatikisa vichwa kwa adabu. Na maikromita yenyewe ililala kwenye kanga ya Krismasi ya Mama. Yeye alikwenda kanisani na kanga ya jikoni.

Lakini kilichomchosha kuliko vyote ni ushahidi. Kazi yako ilitaka kila bushi iliyokosewa ikatwe vipande viwili kwa msumeno, isije mtu akaiona nzima akaifunga kwenye ndege. Ikatwe mbele ya shahidi, na shahidi atie sahihi daftarini. Ungeweza kumwita jirani. Hapana, ulimtaka Mama. Awe anapepeta mtama, awe na wageni, sauti yako ingesikika kutoka karakana: "Mama Luciana, njoo ushuhudie!" Naye anakuja na mikono yake ya unga, anasimama dakika tatu kutazama chuma kinakatwa.

"Nani anapanda ndege hapa Sepuka?" alikuwa akiuliza.

"Angani hakuna pembeni pa kuegesha," ulimjibu, kila mara maneno yale yale.

Alhamisi ile ulikuwa na bushi mbovu kumi na moja kwenye kopo jekundu. Kwa macho hazikuwa na kasoro yoyote. Ulimwita. Mama akajibu kutoka jikoni kwamba ana ugali motoni, mtakata kesho. Ijumaa asubuhi presha ikakuangusha, na Jumapili ukatutoka.

Siku ya kumaliza matanga, Baba mdogo Naftali alisimamia kugawa vitu vyako, kama ilivyo desturi, kila ndugu apate kitu cha kukukumbuka. Nguo ziliisha upesi. Ulikuwa na ovaroli tatu na koti moja, na watu walikuwa bado wamekaa wanatazamana. Baba mdogo akaingia karakana, akakuta kopo jekundu lina pete zinazong'aa, zimegongwa namba vizuri. Akaona Mungu amemsitiri na aibu. Akazigawa zote. Mama alikuwa ndani na akina mama, hakuona kitu.

Wiki tatu baadaye alifungua daftari lako, akakuta mwandiko wa Alhamisi: "Mbovu 11. Hazijakatwa. Shahidi hajapatikana." Aliusoma mara mbili. Halafu akaanza kusema kwa Kinyaturu maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Baba, unajua ilivyo kazi kumnyang'anya mfiwa kumbukumbu yake? Shangazi Rahabu kule Mungaa alikuwa ameivaa shingoni kwa uzi, akasema Mama anataka kukuzika mara ya pili. Mama alilala huko siku mbili akimbembeleza, akaondoka na bushi, akaacha herini zake. Isaka, mtoto wa huyo huyo Naftali, yake alikuwa ameifunga kwenye pikipiki.

"Toa," Mama alimwambia.

"Mama mkubwa, mbona imeingia vizuri kabisa?"

"Ndiyo ubaya wake. Toa."

Hadi alizeti ya mwaka huu inavunwa, kumi zilikuwa zimerudi. Ya kumi na moja haikujulikana iko wapi. Baba mdogo aliapa kwamba hakumbuki, watu walikuwa wengi, na yeye pia alikuwa analia. Mama, ambaye hajawahi kupanda ndege, akaanza kuogopa ndege zote za nchi hii. Redio ikitaja uwanja wa ndege, anaacha mwiko chunguni anasogea kusikiliza. Mara nyingi zilikuwa habari za wageni waliowasili salama, naye anarudi jikoni anakulaumu wewe.

Wiki mbili zilizopita simu iliita. Alikuwa Alphonce, mwenzako wa karakana ya Dar, yule mtunza stoo aliyekuja kukuzika.

"Shemeji, mwaka unatimia," alisema. "Nina zawadi ya marehemu Melkiori. Ile bushi mliyonipa msibani nilikuwa nimeihifadhi kabatini. Jana nimeipeleka kwenye rafu ya kazi zilizokamilika. Nikasema kazi yake ya mwisho nayo iruke."

Mama aliketi juu ya gunia la alizeti.

"Umeipima?"

"Shemeji! Nani anapima kazi ya Melkiori?"

"Kaitoe. Usikate simu, nasubiri hapa hapa."

Tulisikia viatu vyake vikikimbia, na nyuma yake mashine zikinguruma. Alirudi anahema. Rafu ilikuwa tupu. Bushi zote zilikuwa zimefungwa kwenye boksi asubuhi ile, na gari la kupeleka mzigo Arusha lilikuwa getini.

"Lizuie!" Mama alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Alphonce, lala mbele ya gari!"

Tukasubiri. Luciana alishika simu kwa mikono miwili. Mama alikuwa anasali na kukugombeza kwa pumzi moja, jina lako na la Bikira Maria yakifuatana. Ilichukua muda mrefu, maana Alphonce ilibidi afungue boksi na kumtafuta fundi azipime bushi moja moja.

"Tumeipata, shemeji," alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Imezidi."

Ungedhani Mama angefurahi. Alimshukuru Mungu vizuri, kisha akakugeukia. "Umewazoesha watu vibaya!" alisema. "Miaka yote hiyo hukukosea hata mara moja mbele yao, sasa wameacha kupima. Kidogo uue watu kwa sifa!"

Bushi ilikuja kwa basi siku ya Jumanne. Jumamosi Mama aliingia karakana, akaweka kopo jekundu mezani, akabana ya kwanza kwenye jiliwa lako. Godfrey alitaka kuleta mashine ya kukatia, amalize zote kwa dakika tano. Mama alikataa. Alitaka msumeno wa mkono, na alitaka kukata mwenyewe. Hakujua kuushika. Meno ya msumeno yaliteleza, akajikwaruza kidole, akakutukana, akaendelea. Ilipofika ya sita kiganja kilikuwa na malengelenge. Tulimwambia apumzike, akatuuliza kama wewe ulikuwa unapumzika.

Luciana alikuwa shahidi. Alitia sahihi mara kumi na moja.

Baada ya bushi ya mwisho tulidhani Mama atasimama. Alibaki amekaa, msumeno umelala mapajani.

"Nilikuwa na ugali jikoni," alisema, na hakuwa anasema na sisi. "Uliniita, Baba Luciana, nami nikasema kesho. Dakika tatu tu. Ningekuja ningekuona ukiwa bado umesimama."

Akalia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata msibani. Sisi mwaka mzima tulidhani hasira yake ni juu yako.

Misa ya kukuombea itasomwa kanisani Sepuka Jumapili hii, saa tatu asubuhi. Wateja wote wanakaribishwa, hata wale waliosubiri.

Wanakukumbuka watoto wako Luciana, Godfrey na Happiness pamoja na mumewe, wajukuu zako wanne, dada yako Rahabu wa Mungaa, mdogo wako Naftali, anayeomba radhi hadharani kwa kuwa ameamriwa, mwanawe Isaka, na rafiki yako Alphonce, ambaye siku hizi anapima kila kitu.

Tumemsomea Mama tangazo hili hadi hapa. Tulitegemea atatuambia tufute ile habari ya Jumamosi. Ametuambia tuiache kama ilivyo, na chini yake tuandike kwamba mkeo Severina anakuomba msamaha.

Daima tutakukumbuka, Baba.