Kisu cha Kyaruzi

Makete, 28 Desemba 2023

Baba mdogo Kyaruzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi tunaamka na ukungu mpaka mlangoni, lakini tunapumua. Mama anakusalimu pamoja na kikohozi chake cha kila mwaka.

Nimepangiwa kufundisha shule ya msingi huko Bukoba, naanza Januari. Sijafika huko tangu mama aliponibeba mgongoni, baada ya kumzika baba. Kila Krismasi unatuandikia kwamba kibanja chetu cha Nyanga kinameremeta na migomba imeinama kwa mikungu, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyeji. Nije na blanketi au joto litaniua? Mbu ni wengi? Maji ya bomba yananyweka? Nikiingia kwa watu nifanyeje nisionekane sina adabu?

Na kubwa kuliko yote: lini utanipeleka Nyanga unionyeshe kaburi la baba? Mama hakumbuki tena lilikuwa upande gani wa nyumba. Anasema msalaba ulikuwa wa mti, na wewe ndiye uliyechimba.

Mwanao,
Kokushubila


Goziba, 9 Januari 2024

Mwanangu Kokushubila,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi ni mzima kuliko sangara. Simu usinitafute, yangu ilizama ziwani na tangu hapo nina raha. Barua mwachie Ildefons, mwenye duka pale mwaloni Muleba, boti zitanifikishia. Huku kisiwani niko kikazi tu: nasimamia mitumbwi mitatu na wavuvi ishirini, wananiita Mkurugenzi.

Umeuliza mtu mwenyewe. Darasa la saba niliishia mlangoni, lakini Kampala, Kisumu na Bujumbura zimenimalizia masomo. Sikiliza. Blanketi mwachie mama. Mwavuli ni wa maaskofu. Bukoba ni joto, beba magauni mepesi na ndala. Chandarua nunua mjini kwa mama Kantaben, Mhindi aliyebaki wenzake walipohama; mtaje Kyaruzi, utapewa kiti na chai. Maji chemsha. Ugali usiutaje mbele ya mabibi, huku chakula ni ndizi, vingine vyote ni vya kupitishia muda.

Ukiingia kwa Mhaya utapewa kahawa kavu ya kutafuna, punje chache. Usiseme umeshiba. Pokea kwa mikono miwili na utafune hata kama ni chungu, maana anayekupa amekukubali, na ukikataa umemtukana yeye na nyumba yake.

Mengine karatasi imeisha.

Baba yako mdogo,
Mkurugenzi


Kitendaguro, 4 Februari 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Hali yako na ya mitumbwi? Mimi ni mzima, ila nimelowa. Nimepata chumba hapa Kitendaguro, na mvua imenipiga siku nne mfululizo. Nilifika shuleni na ndala zangu mkononi, matope mpaka magotini, na darasa la tatu wamenipa jina ambalo sikuandikii. Nimenunua mwavuli, na sweta la mtumba.

Kwa mama Kantaben nilikwenda. Nilipokutaja akauliza, "Kyaruzi yupi? Wa kisu?" Mteja mmoja akacheka, akaniangalia, akaacha kucheka. Chandarua niliuziwa, kiti sikupewa. Ulikuwa na bucha, baba mdogo?

Hukunijibu habari za Nyanga. Ni hapo karibu tu, nimeambiwa. Nakusubiri wewe kwa sababu naona si vizuri kufika kwetu kama mpita njia.

Mwanao,
Kokushubila


Goziba, 20 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mvua, lakini hiyo si ya Bukoba, lazima uliibeba kwenye begi kutoka Makete. Sisimizi wakiingia kwenye sukari, weka kopo katikati ya sahani ya maji. Hilo nilijifunza Bujumbura kwa balozi mmoja, au mpishi wake.

Habari za kisu ni wivu wa watu wa mjini. Nilikuwa fundi wa migomba na fundi hakosi maadui. Nyanga usiende peke yako, njia zimebadilika, utapotea. Nisubiri Pasaka. Nitakuja na suti, nitatembea mbele yako kama bendi, na mzee Kagaruki, jirani yetu, atatoka nje kutupokea. Kaburi lipo. Baba yako hana safari.

Baba yako mdogo,
Mkurugenzi


Kitendaguro, 7 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba uwe mzima, maana siku ya Pasaka nilipika ndizi nikaweka sahani mbili, na jioni ile sahani ya pili nikaipeleka kwa mwenye nyumba.

Jumatatu nilikwenda Nyanga. Nilipouliza kwa Kyaruzi, watu walinielekeza kwa kidevu. Baba mdogo, hakuna kibanja. Nyumba imekaa chini, nyasi zinanipita kichwa. Kwa majirani migomba ipo, lakini yote ni michanga, kama ya watu waliohamia juzi.

Mzee Kagaruki alinikuta nimesimama. Nikamwambia mimi ni mtoto wa marehemu Rugemalira. Aliniingiza ndani, na mkewe, bibi Hellen, akanipa kahawa. Nilipokea kwa mikono miwili. Hilo angalau ulinifundisha kweli.

Niliuliza kilichotokea. Mzee akasema, "Hiyo ni barua ya baba yako mdogo kuiandika, si yangu." Ndani ya zile nyasi anajua kuna makaburi manne, babu, bibi, shangazi na baba, misalaba yote imeoza. Lipi ni la nani, anasema unajua wewe peke yako.

Kokushubila


Goziba, 2 Juni 2024

Mwanangu Kokushubila,

Kama bado unaniamkia, marahaba, ingawa sistahili. Barua hii nimeichana mara tano. Hujambo? Mimi mwili ni mzima.

Mkurugenzi hayupo. Nawapikia wavuvi ugali, ule ule niliokukataza kuutaja, na nikimaliza naanika dagaa. Mitumbwi mitatu naiona kama anavyoiona mtu yeyote aliyesimama ufukweni. Bujumbura sijafika.

Miaka mitano iliyopita mnyauko uliingia Nyanga. Ni ugonjwa wa migomba: majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya siku zake na ndani zimeoza. Bibi shamba alituita mkutanoni. Akasema ua la mgomba tulivunje kwa kijiti chenye panda, na kisu kikigusa mgomba mmoja kipite motoni kabla ya kugusa mwingine. Nikasimama. Nikawaambia, "Mhaya avunje ua kwa kijiti kama mtoto anayechunga mbuzi? Mimi nimeona mashamba ya Uganda. Nitawasafishia nyote kwa kisu hiki." Walicheka mpaka bibi shamba akakusanya karatasi zake. Kagaruki ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikaribisha.

Nilianzia kwetu, kwenye migomba iliyokwisha kuugua nami sikujua, kisha nikaingia kwao. Siku tatu, vibanja kumi na kimoja, kisu kimoja. Motoni hakikupita hata mara moja. Kila nyumba nilipewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sifa, na nilivinywa vyote.

Baada ya miezi michache vibanja vyote vilikuwa vinanuka. Walikata migomba iliyopandwa na babu zao. Nilimwona bibi Hellen akikata ya kwake, hageuki. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningebaki. Niliondoka Jumapili watu wakiwa kanisani, baba yako nikamwacha kwenye nyasi, na kila Krismasi nikawaandikia kwamba migomba imeinama.

Nyuma ya karatasi nimekuchorea ramani. Simama kwenye mlamula, ule mti wa mpakani, ukiipa nyumba mgongo, hesabu hatua saba. Usinisubiri. Kisu bado ninacho, nakatia vitunguu.

Kyaruzi


Kitendaguro, 16 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Bado nakuamkia. Nilipoisoma barua yako niliona aibu kwa ajili yako, halafu nikaona ya kwangu, maana Makete nilikuwa nikigombana na wenzangu nawatambia kibanja chetu.

Nimekwenda na ramani. Mlamula ulishakatwa. Hatua saba kutoka wapi? Mzee Kagaruki aliigeuza karatasi juu chini, akanirudishia. "Mwambie aje aonyeshe kwa mguu wake," akasema.

Jumamosi tarehe 6 Julai majirani watakuja kufyeka nyasi za kwetu. Wale wenye vibanja kumi na kimoja, wanane wamekubali. Watatu wamekataa na sikufichi, mmoja alifunga mlango nikiwa bado naongea.

Ndani ya bahasha kuna kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ametoa bibi Hellen. Aliniwekea tu mkononi. Ni punje sita za kahawa, na maana yake ulinieleza wewe.

Mwanao,
Kokushubila


Goziba, 25 Juni 2024

Mwanangu Kokushubila,

Marahaba. Bahasha imefika imelowa pembeni, punje zote sita zimo. Nilizipokea kwa mikono miwili na wavuvi wakanicheka, wakasema mpishi leo anapokea sakramenti. Nimetafuna moja. Tano nimezifunga.

Sasa mimi ndiye ninayeuliza. Boti ni Alhamisi ya tarehe 4. Majibu yasipofika nakuja hivyo hivyo. Sina suti. Shati la kazini linafaa, au nikuombe unitafutie la mtumba? Nikishuka Nyanga nipite mbele ya kanisa, au nizunguke nyuma? Mlangoni kwa Kagaruki nibishe hodi kama mgeni, au nisimame uani mpaka wanione? Wale watatu, nianze kwao au nimalizie kwao? Chumbani kwako sakafu inamtosha mtu mmoja? Mwavuli wako unafunika wawili?

Na hiki kisu. Nije nacho tukipitishe motoni mbele yao, au nikiache huku ziwani?

Baba yako mdogo,
Kyaruzi wa kisu